Uso wa Zamda, Sauti ya Kuruthumu

Pale Gerezani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kuna chumba ambacho kuta zake zimefunikwa kwa magodoro ya zamani, na kioo kimekigawa kati ya mwenye maiki na mwenye mashine. Ndimo Kuruthumu binti Zahoro alimofanyia kazi Jumapili kwa Jumapili, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo mafundi wa kuchomelea wa mtaa ule hupumzika na nyundo zao. Basi la mwendokasi lakini halina Jumapili. Ukisikiliza vizuri tamthilia zilizotafsiriwa mle ndani, kuna mahali mfalme anakata roho katikati ya msitu wenye theluji na basi linasikika likipiga honi kwa mbali. Wateja walishazoea.

Mwenye chumba alikuwa Idrisa, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kutikisa vyombo kabatini. Kazi yake ilikuwa kuchukua filamu za ng'ambo na kuziingizia Kiswahili, halafu kuziuza kwa wenye vibanda vya Kariakoo ambao huwajazia wateja kwenye flashi na simu. Miaka mingi alisema sauti zote peke yake. Wanawake aliwaigiza kwa kubana pua, na watu wakacheka hata pale ambapo mama alikuwa anamzika mwanawe. Kuruthumu alikuwa mama lishe wa mtaa huohuo. Siku moja alimpandishia pilau yake, akamkuta anahangaika na malkia anayemgombeza mumewe. Akasimama mlangoni na hotpoti mkononi, akasikiliza, kisha akamwambia kwamba hakuna mwanamke chini ya jua anayemgombeza mume namna ile. Idrisa akamsogezea maiki. Tangu hapo wanawake wote wakawa wake: wachawi, mabinti wa kifalme, majasusi, na bibi vizee wanaotoa laana.

Halafu ikaja ile tamthilia ndefu ya majoka na falme, na ndani yake yule mwanamke. Jina lake la asili lilikuwa gumu kutamkika, kwa hiyo Idrisa akampa jina la shangazi yake aliyewahi kumtia adabu mwizi kwa mwiko. Akawa Kamanda Zamda. Alikuwa mkuu wa wanawake walinda lango, ana kovu la moto kutoka shavuni hadi shingoni, na hakuwahi kucheka.

Idrisa alikuwa akisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, anamweleza Kuruthumu maana kwa mkato, kisha anamwachia atafute maneno. Hapo ndipo Zamda alipoanza kuwa mtu wa Dar. Kuna kipande ambacho mdogo wa marehemu mumewe anafika langoni na jeshi, anaomba afunguliwe kwa heshima ya undugu. Katika lugha yao Zamda anakataa tu. Kuruthumu alivuta pumzi, akasema, "Upanga wangu hauna shemeji."

Idrisa alisimamisha picha, akamtazama. Hakujua kwamba mume wa kwanza wa Kuruthumu, marehemu Mrisho, alipofariki, ndugu zake walikuja kabla ya arobaini wakabeba kitanda, friji na cherehani. Kuruthumu alikuwa ameketi mkekani na binti yake Husna, bado mchanga, mapajani, maneno yote yamemkauka. Yale aliyoyakosa siku ile yalikuja kumtoka miaka mingi baadaye, mbele ya maiki, kupitia kinywa cha mwanamke mwingine.

Maneno yakashuka ngazi yakaenda Kariakoo, na huko hayakulala. Mteja akiomba apunguziwe kwa kuwa wanatoka mkoa mmoja, muuza vitenge anamjibu kwamba duka lake halina shemeji. Wabeba mizigo walipishana nayo. Mabinti wakayaandika nyuma ya simu zao. Kuruthumu alikuwa anapita na kikapu chake cha nyanya, anayasikia kulia na kushoto, na hakuna aliyemgeukia. Wala hakuona vibaya. Alijiona kama mpishi wa shughuli ambaye yuko jikoni na anasikia wageni ukumbini wakisifia wali.

Mpaka alipotokea Nice.

Husna ndiye aliyemleta nyumbani, ndani ya simu. Alirudi kutoka shule, akamkalia mama yake pembeni na kumwambia, "Mama, hebu muone Zamda." Kwenye kioo alikuwepo binti mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyevaa deraya ya ngozi iliyoshonwa kwa mikoba chakavu, kovu la nta shavuni. Alifumbua kinywa, na sauti ya Kuruthumu ikatoka humo. Upanga wangu hauna shemeji. Chini yake kulikuwa na bahari ya mioyo na pongezi. Watu walimwita dada Zamda, walimwomba ndoa, walimwambia amewapa nguvu.

Husna akaeleza kwamba binti huyo anaitwa Nice, kwao Kilimanjaro ila amezaliwa hapahapa, anauza vitambaa kwenye duka la baba yake Mtaa wa Mchikichi. Darasani kwa akina Husna kila mtu anamfuata. Kuruthumu akauliza kama kuna mahali ameandika sauti ni ya nani. Husna akatafuta, akasema hamna, kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba hata watu wangejua isingesaidia kitu, kwa sababu wanampenda anavyofanana.

Kitu kikamkaa Kuruthumu kooni kama mwiba wa samaki. Kila alipomeza, kilimchoma.

Akaanza kumtazama Nice kwa siri, mara nyingi kuliko hata Husna. Sufuria zikichemka, yeye yuko nyuma ya mlango na simu. Alikuwa anatafuta kosa. Akaliona moja, kwamba binti anainamisha kidevu kwenye neno "shemeji" ilhali Zamda hainamishi kidevu kwa mtu. Lakini baada ya hapo hakupata lingine, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Nice hakukosea hata pumzi. Kuruthumu ana kawaida ya kuvuta hewa kidogo kabla ya neno zito, kwa sababu ya moshi wa mkaa uliomkaa kifuani tangu utoto. Kifua cha binti yule, ambacho pengine hakijawahi kupuliza jiko, kilipanda palepale, kwa kiasi kilekile.

Mchana mmoja Safari, mume wake wa sasa, alirudi kutoka bandarini anakofanya kazi ya upakiaji. Akajinyoosha kwenye kochi na simu yake. Kuruthumu akasikia sauti yake mwenyewe inatoka kochini, na Safari anacheka taratibu.

"Huyu binti anaipatia kweli," Safari alisema.

"Anaipatia nini? Sauti si yangu?"

"Najua ni yako, mama Husna. Ila uso..." Alikuwa mume mwema, na aliona amekanyaga pasipokanyagika. Akageuza maneno, akauliza kama chai ipo. Chai ilikuwepo. Kuruthumu alimmiminia, na siku ile, alipokwenda kuoga, alisimama mbele ya kile kioo kidogo cha bafuni akajitazama: mashavu mapana, kidevu kilichoanza kuwa viwili, ngozi iliyochoshwa na mvuke. Hakuna hata kovu. Hata kovu la kujivunia hana.

Yote hayo angeweza kuyameza, kama si Josepha. Huyu alikuwa muuza mchele wa jumla ambaye Kuruthumu amenunua kwake miaka nenda miaka rudi. Walijuana hadi magonjwa ya watoto. Siku hiyo Josepha alikuwa anampimia, kopo la mchele liko hewani, mara kelele zikasikika upande wa Mtaa wa Kongo. Umati ulikuwa unasogea, katikati yake Nice na deraya yake, anapigwa picha, anashikwa mikono, wanawake wazima wanamkumbatia kama ndugu aliyerudi salama. Josepha akaweka kopo chini. Akamwambia Kuruthumu amvumilie kidogo, Zamda anapita, akaondoka mbio na aproni yake.

Kuruthumu akabaki peke yake na mzani. Alikuwa na hakika kwamba angefumbua kinywa pale na kusema neno moja tu, mtaa mzima ungegeuka. Hakufumbua. Akamsubiri Josepha, akapokea mchele wake, akasikiliza habari za jinsi Zamda alivyo mzuri kwa karibu, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata Idrisa alikuwa na msiba Mbagala. Alimaliza sauti za wanaume mapema, akamwonyesha Kuruthumu vipande vilivyobaki, akamwachia funguo. Kipande cha mwisho ndicho watu walichokuwa wanakisubiri. Zamda amekamatwa. Mfalme adui amemfunga minyororo, anamwambia apige magoti aombe uhai wake. Midomo ya Zamda inafunguka kidogo, halafu kamera inazunguka na kukaa mgongoni kwake kwa muda mrefu. Mgongo hauna midomo. Hapo mwenye kuingiza sauti anaweza kuweka chochote, na hakuna atakayejua. Idrisa alikuwa amemwambia wazi kwamba pale Zamda hasemi kitu, aache kimya.

Kuruthumu alivaa vipokea sauti. Nje Gerezani ilikuwa imetulia. Akautazama mgongo ule ulionyooka, akamwona Nice ndani yake, akawaza: haya, na hili kaliige. Kisha akalia. Alijua kulia kwa maiki. Akamfanya Zamda abembeleze kwa sauti nyembamba, ya puani, kama zile za Idrisa za zamani.

"Nihurumie, baba yangu. Mimi ni mwanamke tu. Upanga chukueni."

Alipoisikiliza alipata raha ya mtu anayejikuna upele hadi damu. Akafunga mlango, akaenda nyumbani.

Tamthilia ikatoka. Kwa siku kadhaa Kuruthumu alizunguka Kariakoo na masikio wazi. Watu hawakumcheka Nice kama alivyotarajia. Walinuna. Muuza kanga mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba wamemuharibu yule dada, afadhali wangemuua. Josepha, akipima mchele, alisema kitu ambacho Kuruthumu hakukitegemea. Alisema kwamba mwaka ule shemeji zake walipotaka kumtoa dukani, ni yule Zamda aliyempa moyo wa kukataa. Sasa alipomwona anaomba vile, alijiona mjinga, kama mtu aliyeegemea ukuta wa karatasi. Alilisema hilo kwa utulivu tu, huku anafunga mfuko.

Idrisa naye alisikia malalamiko, akasikiliza kipande, akampandishia Kuruthumu sauti kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Kuruthumu alijitetea kwamba alielewa vibaya. Idrisa hakumwamini, ila hakuwa na ushahidi zaidi ya alichokisoma machoni mwake.

Na Nice? Nice alikichukua kipande kile, akakata sauti yote. Akajirekodi amefungwa minyororo, akageuza mgongo, akasimama wima bila neno mpaka mwisho. Chini akaandika: "Zamda wangu haombi." Husna alipomsomea mama yake maneno hayo, machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kuruthumu akaurudisha uso wake kwenye mboga. Wivu wake wa kwanza ulikuwa wa sifa. Huu wa sasa ulikuwa mwingine na mkali zaidi, kwa sababu alielewa kwamba mtoto wa watu amemtunza Zamda vizuri kuliko yeye aliyempa ulimi.

Haukupita muda, duka jipya la nguo likafunguliwa karibu na Msimbazi, na spika zikatangaza mtaa mzima kwamba Zamda atakuwepo. Kuruthumu alijiambia anapita tu. Akajikuta amesimama mstari wa tatu, kanga imevutwa hadi kwenye paji. Nice alipanda jukwaani, sauti ikawekwa, akaigiza vipande vyake, watu wakapagawa. Hapo mshereheshaji, kwa furaha zake, akamwekea maiki mdomoni na kumwomba awaambie wateja maneno yale kwa kinywa chake mwenyewe.

Nice alitikisa kichwa. Mshereheshaji akamshikilia. Watu wakapiga makofi kumhimiza.

"U-u-upa..." Nice alianza. Neno likamkwama. Shingo ikakaza, macho yakafumba, herufi ileile ikagonga mlango wa midomo na kukataliwa. Mtu mmoja mbele akacheka, akidhani ni mchezo. Wengi wakafuata.

Utamu ulimpanda Kuruthumu kuanzia miguuni. Hilo alilikiri baadaye, na hakujisifu kwalo. Alicheka pia, chini ya kanga. Lakini Nice hakushuka jukwaani. Alisubiri vicheko vipungue, akaishika maiki kwa mikono miwili, akaanza upya, neno kwa neno, kama mtu anayevusha mawe mtoni. Akasema kwamba yeye ana kigugumizi tangu utoto. Akasema sauti ile si yake na hajui ni ya nani, ameuliza vibanda vyote hajapata jibu, na kama kuna anayemjua mwenye sauti, amwambie kwamba anamtafuta.

Watu wakageukiana, wakatafuta. Bega la Kuruthumu lilikuwa linagusana na la mwanamke aliyesema huenda mwenyewe yuko ng'ambo. Ulikuwa wasaa aliokuwa akiuota. Lakini alichokiota kilikuwa kunyang'anya, na sasa alikuwa anapewa, tena na mkono uleule aliokuwa anauchukia. Akageuka, akajipenyeza kati ya watu, akaondoka kimya.

Habari za jukwaani zilipomfikia Idrisa, yeye ndiye aliyemwelekeza Nice. Jumapili, Kuruthumu akiwa anafuta vumbi kwenye mashine, mlango uligongwa. Binti alikuwa amevaa gauni la kawaida na ndala, bila kovu, na alionekana mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Kuruthumu aliitikia. Hilo "mama" lilimchoma kidogo, alitarajia "dada".

Idrisa akasema anakwenda kununua maji, akashuka. Nice hakuomba picha wala hakusifia. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akahangaika na neno la kwanza hadi likatoka, akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa-kwa nini ulimfanya aombe?"

Kuruthumu alikuwa ameshaandaa majibu ya kila namna, na hili la kuelewa vibaya lilikuwa mbele kabisa. Akamtazama binti shingoni, pale misuli ilipokuwa bado inatetemeka kwa ile kazi ya kuuliza.

"Kwa sababu yako," akasema. "Nilitaka uaibike."

Nice alikaa na jibu hilo. Hakuonekana kushangaa sana. Kisha, kwa kusimama na kuanza tena, alimweleza kwamba yeye huamka asubuhi kabla ya kufungua duka, anasimama stoo kati ya majora ya vitambaa na kujaribu kusema kama Zamda, anakwama, anaweka sauti ya simu na kufumbua mdomo tu. Alisema ameipenda sauti ile na ameichukia pia, kwamba kuna asubuhi alitamani mwenye nayo apate mafua asiseme tena. Alilisema bila kuomba radhi.

Kuruthumu akacheka, na safari hii hakuficha uso. Idrisa aliporudi na maji, Kuruthumu alimwambia afungue kile kipande cha minyororo, anataka kukirekodi upya. Alivaa vipokea sauti, mgongo ukatokea. Hakusema chochote. Alivuta pumzi mara moja, ile pumzi yake ya moshi, akaiachia taratibu, na ikawa hiyo tu. Nice alikuwa amesimama nyuma ya kioo, kifua kimepanda sambamba na chake.

Kipande kilichosahihishwa kikaenda mtaani, na Josepha akasema sasa ndiyo amemwona mtu wake. Nice naye akaanza kuandika kila mara kwamba sauti ni ya dada Kuruthumu wa Gerezani. Watu wakapanda ngazi zile kumtazama. Wengine walimkumbatia. Mmoja alimtazama juu hadi chini, akamnong'oneza mwenzake kwamba alidhani ni mrefu. Kuruthumu alisikia, akajibu kwa sauti ya Zamda kwamba ngazi za kushukia ziko nyuma yao, na wageni wakacheka wakashuka. Mtaani bado ni Nice anayesimamishwa, na kuna siku jambo hilo linamkera Kuruthumu hadi anaunguza vitunguu.

Miezi michache baadaye Idrisa alipata tamthilia mpya, yenye mchawi msichana anayezungumza na maji. Alichoka kusikia Kuruthumu akiwa mtu mzima na mtoto kwa wakati mmoja, akapendekeza Nice ajaribu. Nice alikataa, kisha akakubali, akakaa mbele ya maiki mikono imelowa jasho. Picha ikaanza. Akamwangalia yule msichana midomo, akaingia ndani yake, na maneno yakamtoka yote, laini, bila kugonga popote, sauti changa yenye ubaridi ambao Kuruthumu hangeweza kuutoa hata angelala kisimani.

Idrisa akamgeukia Kuruthumu, anasubiri neno lake kama mkubwa wa chumba. Mwiba ule wa samaki ulikuwa umeshapanda kooni.

"Rudia," Kuruthumu alisema. "Umevuta mno mwishoni."

Nice akaitikia kwa kichwa kwa utii, akarudia. Safari hii hofu ilimwingia, akakwama mara mbili. Akajifuta uso kwa kiganja, akaomba arudie tena. Kuruthumu alimtazama kupitia kioo, akatazama na magodoro ukutani, akainama akabonyeza kitufe cha kuongea na ndani.

"Basi, usirudie," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Haikuwa na kasoro. Tunaichukua ileile."